Siku Sita Uskoti, Kulifuata Jina la Marehemu

Siku ya kwanza: Glasgow

Kilichotuleta huku ni jiwe la kaburi. Mume wangu amelala Pangani, mwaka wa pili huu, na mashahidi ya kaburi lake bado hayana maandishi. Fundi wa mawe aliniambia nimpelekee jina kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, asije akachonga kosa lisilofutika. Nikafungua bahasha ya vyeti. Pasi ya kusafiria inasema Dalziel. Cheti cha ndoa kinasema Dalzell. Cheti cha kifo kinasema Dalziele, na e ya mwisho isiyo na mwenyewe. Mtu mmoja, ofisi tatu, majina matatu. Na katika hayo matatu hakuna hata moja linalosomeka kama tulivyolitamka nyumbani. Yeye alijiita Diyel: di, halafu yel, mkazo mwishoni. Ile z haitoki kinywani kabisa, wala l ya kwanza.

Majirani zetu Pangani walimwita Bwana Dieli. Walimwekea i yao mwishoni, kama tunavyofanya kwa kila jina linaloishia hewani. Hawakuwahi kuliona limeandikwa, walilisikia tu kwake, ndiyo maana walikuwa karibu nalo kuliko makarani wote watatu.

Nikaona kabla ya kuchongesha chochote nimwulize aliyemzaa. Mavyaa yangu ana miaka 84, anaishi peke yake ghorofa ya tatu, mashariki mwa Glasgow, nyumba ya mawe mekundu isiyo na lifti. Tumefika alasiri, mvua inanyunya, mimi na binti yangu wa miaka 12 tumebeba masanduku kwa mikono. Alikuwa amesimama mlangoni muda wote tuliokuwa tukipanda; tulimsikia akikohoa juu yetu. Mtoto akasema, "Shikamoo, Bibi." Akajibu, "Marahaba," polepole, herufi zote zimekaa mahali pake. Neno hilo mwanawe ndiye aliyemfundisha, kwa simu, mtoto alipokuwa bado anatambaa.

Chai ilikuwa tayari mezani, na sahani ya skonzi za moto. Mwanangu akacheka kusikia Bibi akizitaja kwa jina tunalolijua, isipokuwa i ya mwisho. Ni neno la Kiskoti hilo. Limetembea mpaka kwenye magenge yetu likakaa, na hakuna aliyeliuliza kwao ni wapi.

Usiku nikamwuliza. "Mama, jina lenu linaandikwaje hasa?"

Akafuta mikono, akakaa. "Ilitegemea siku ile karani alikuwa nani, mwanangu."

Kisha akaenda chumbani, akarudi na bati la biskuti lililopauka. Ndani yake kulikuwa na vyeti vilivyokunjwa mara nne, picha mbili, na kisahani cha shaba cha mviringo, kikubwa kidogo kuliko sarafu, kimetobolewa juu na kuchongwa namba 412. Kilikuwa cha mkwewe, babu wa mume wangu, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha chuma cha Motherwell. Asubuhi mfanyakazi alikichukua langoni, jioni alikirudisha, ndivyo walivyojua nani yumo ndani na nani ametoka. Nikakishika kwenye kiganja. Kando imelika kwa kupapaswa. Kwetu wazee wa mashamba ya mkonge walikuwa na kipande chao. Huyu naye alikuwa na chake, na kwenye kipande hakuna anayehangaika na tahajia.

Siku ya pili: Edinburgh

Treni kutoka Glasgow ni chini ya saa moja. Ukitoka stesheni ya Waverley na kupanda ngazi, mbele yako kuna jengo la General Register House, na nje yake sanamu ya Wellington juu ya farasi aliyeinua miguu. Humo ndimo Waskoti walimoweka kumbukumbu za watu wao. Uandikishaji wa lazima wa vizazi, ndoa na vifo ulianza tarehe 1 Januari 1855. Kabla ya hapo kazi hiyo ilikuwa ya makanisa, na daftari kongwe kabisa la parokia limeanza 1553. Unalipia kiti kwa siku, unakaa mbele ya kompyuta, unaita vitabu kimoja baada ya kingine. Sisi tulipewa nafasi chini ya kuba kubwa lililochorwa na Robert Adam, rafu za vitabu zimezunguka ukuta mpaka juu, mwanga unashuka katikati.

Tulianza na Babu wa kile kipande tukarudi nyuma. Kuwarudia Waskoti ni rahisi kuliko mataifa mengine kwa sababu moja: cheti cha mtu mmoja kinataja wazazi wote wawili, pamoja na jina la mama kabla hajaolewa. Kwa hiyo kila mama ni mlango. Saa tano na nusu tulikuwa tumefika kwa baba wa babu yake, mchimba makaa ya mawe wa Lanarkshire, na hapo ndipo binti yangu alipoinuka kwenye kiti.

"Mama, tazama. Amejiandika mara tatu, na kila mara yuko tofauti."

Kweli. Kwenye ndoa yake yeye ni Dalziel. Kwenye cheti cha mtoto wa kwanza ni Dalzell. Kwenye cha mtoto wa tatu ni Dalyell, y waziwazi, mkia wake umepinda kushoto. Karani mmoja alisikia y akaandika y. Wale wawili waliandika walivyozoea kuona. Na yeye mwenyewe hakuandika lolote. Mahali pa sahihi pana msalaba mdogo, mistari miwili ya wino isiyolingana, na karani ameandika pembeni kwamba hiyo ndiyo alama yake. Niliutazama msalaba ule muda mrefu. Mstari wa kwanza ni mwembamba, wa pili umebonyezwa mpaka wino umevuja, kama mtu aliyetaka kuhakikisha.

Mhudumu wa chumba, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, alituona tumekwama, akavuta karatasi, akachora kitu kama tarakimu 3 yenye mkia unaoshuka chini ya mstari. Hiyo, akasema, ndiyo herufi ya jina lenu. Inaitwa yokhi. Zamani Waskoti waliitumia kwa sauti ya y na sauti nyingine zilizo jirani nayo. Kwa mkono ilifanana sana na z ya mkia. Mwaka 1507 Mfalme James wa Nne aliwapa kibali Walter Chepman na Androw Myllar kuanzisha mtambo wa chapa Edinburgh, na 1508 vitabu vya kwanza vikatoka. Lakini herufi za risasi zilitoka ng'ambo, na ng'ambo hawakuwa na yokhi. Wapiga chapa wakaweka z, maana ndiyo iliyofanana nayo. Wasomaji wa wakati huo hawakuona taabu. Walijua kinachosomwa pale ni y. Taabu ilianza kwa watoto wa watoto wao.

Ndiyo sababu jina Menzies wanaolijua wanalitamka Mingis, na mwanasiasa Menzies Campbell nchi nzima ilimwita Ming. Ngome ya Culzean haina z mdomoni. Visiwa vya Shetland viliandikwa Zetland hata kwenye jina la serikali yao ya mtaa mpaka 1975, na misimbo yao ya posta hadi leo inaanza na ZE. Mackenzie nalo lilikuwa hivyohivyo, ila lile limeshindwa: karatasi imelishinda, na leo kila mtu, hata Mackenzie wenyewe, hutamka z. Diyel limebaki upande wa mdomo. Siyo kila mahali, kwani walio mbali na Uskoti wengi wamekata tamaa wakakubali linavyosomwa. Lakini kwa Bibi limebaki.

Mambo haya mimi nilikuwa nayajua, ila kwa upande wetu. Babu yangu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, akiandika barua zake kwa herufi za Kiarabu kama wazee wote wa pwani. Kiarabu hakina p, hakina v, hakina ng ya kwetu. Waandishi wakaazima: be ikabeba b, p na mb, fe ikabeba f na v, ghaini ikabeba g, gh na ng. Babu alipoandika Pangani alianza na be akaweka ghaini katikati, na mgeni angesoma Baghani. Yeye hakuwahi kusoma hivyo, wala aliyeandikiwa. Herufi ilikuwa ya kumkumbusha mtu anachokijua tayari. Asiyejua, herufi pekee haikumfikisha.

Siku ya tatu: Motherwell

Leo Bibi alikuja nasi, na bila yeye tusingeona nusu ya tulichokiona. Motherwell iko kusini mashariki ya Glasgow, mwendo mfupi wa treni, juu ya mto Clyde. Ni mji wa chuma. Mwaka 1871 David Colville alianza kujenga kiwanda hapa, akakipa jina la shamba la kabaila lililokuwa jirani: Dalzell. Kwa hiyo babu wa mume wangu aliingia kila siku langoni mwa kiwanda chenye jina lake. Bibi anasema wenzake walimtania kwamba mshahara wake ungetosha kama angekuja na hati ya umiliki. Hapo mjini kuna pia shule ya sekondari ya Dalziel, na kila mtu tuliyemwuliza njia alisema Diyel bila kufikiri: kijana wa duka la simu, dereva wa basi, mama anayesukuma mtoto. Ni mahali pa kwanza duniani ambapo mwanangu hajalazimika kusahihisha mtu. Niliona mabega yake yakishuka.

Jina lenyewe ni la ardhi kabla ya kuwa la watu. Ni Kigaeli: dail ni bonde la kando ya mto, lile linalolimika kwa sababu maji hulijia na kuliacha, geal ni nyeupe. Yakiungana, g ya neno la pili inalainika mpaka inakuwa y. Bonde jeupe. Kwa nini jeupe, kila mtu ana lake. Tuliteremka mpaka bondeni kwenyewe. Siku hizi ni hifadhi ya ndege, inaitwa Baron's Haugh, na haugh kwa Kiskoti ni bonde lilelile la kando ya mto, kwa hiyo mahali hapa pameitwa bonde kwa lugha mbili zilizopeana zamu. Clyde umejipinda, maji yamejaa kwenye majani, korongo wa kijivu amesimama kwa mguu mmoja. Ukungu mwembamba ulikuwa umelala juu ya maji yote, kutoka ukingo hadi ukingo, na mwanangu akasema, "Leo ni jeupe." Sikuhitaji maelezo mengine.

Watu waliochukua jina hili wanaonekana kwenye kumbukumbu tangu karne ya 13. Mwaka 1288 Hugh wa Dalzell alikuwa sherifu wa Lanark, yaani msimamizi wa sheria za mfalme katika wilaya hii. Baada yake wakaja mabwana, mashujaa wa vita, mwisho makabaila wa Carnwath, cheo walichopewa 1639. Mmoja wao aliunga mkono uasi wa 1715 dhidi ya mfalme, akakamatwa Preston, akahukumiwa kifo, akasamehewa roho lakini akanyang'anywa cheo. Lakini si kila Diyel ni wa damu ya hao. Wapangaji na wakulima wa ardhi nao walichukua jina la ardhi waliyoilima, na mchimba makaa wetu mwenye msalaba wa wino nadhani ni wa huko. Sikupata uzi wowote wa kumfunga na wenye ngome, na sikuutafuta.

Ngome ipo bado. Mnara wake ni wa mwishoni mwa zama za kati, kuta nene kama za Ngome Kongwe ya Bagamoyo. Pande nyingine ziliongezwa katika karne ya 17 na ya 19. Ndani wanaishi watu, nyumba imegawanywa makazi binafsi, kwa hiyo tuliitazama kwa nje tu. Bustani na msitu ni wa wote. Familia ya Dalzell yenyewe iliondoka hapa 1647, ilipomwuzia jamaa yao James Hamilton.

Chini ya nyumba kuna mwaloni. Umri wake wanaukadiria kuwa karibu miaka 800, na wazee wa Motherwell husema ulipandwa zama za Mfalme David wa Kwanza. Shina limepasuka, limefungwa kwa minyororo na nyaya, matawi mengine yameegemezwa kwa nguzo kama mzee anayeshikiliwa makwapa. Unaitwa Mwaloni wa Watu wa Agano. Katika karne ya 17 Waskoti wengi waliapa agano kwamba kanisa lao halitaongozwa na maaskofu wa mfalme. Mfalme akawapiga marufuku, wachungaji wao wakafukuzwa, watu wakawa wanasali mashambani na milimani. Hamilton wa Dalzell aliwaruhusu wakusanyike hapa, chini ya mti huu. Ibada hizo zilikuwa kosa, na mwenye ardhi aliyezifumbia macho alikuwa anahatarisha mali yake.

Bibi ni mtu wa kanisa hilohilo. Alivua glovu, akaweka mkono kwenye gome. Binti yangu akaweka wake karibu. Mimi nilikuwa naokota kokwa za mwaloni zilizoanguka kwenye majani, na nikaondoka nikiwaacha peke yao. Jana Bibi alikuwa ameniambia kwamba mume wangu akiwa mtoto alipanda mti huu akaanguka, akavunja mkono, na kovu lile nilikuwa nalijua kwa miaka 15 bila kuuliza lilitoka wapi.

Siku ya nne: Blantyre

Mvua kutwa. Tulikwenda Blantyre, upande wa pili wa Clyde, kilomita chache tu kutoka Motherwell, kwa sababu mtoto alilisoma jina Livingstone darasani na hakuamini kwamba amezaliwa jirani na babu zake. Nyumba ni Shuttle Row, jengo la wafanyakazi wa kiwanda cha pamba ambapo familia 24 ziliishi, kila moja chumba kimoja. David Livingstone alizaliwa humo 1813, na akiwa na miaka 10 alikuwa kiwandani.

Nasema mawili tu. La kwanza, jina lake nalo halikutulia: familia iliandika bila e ya mwisho kwa miaka mingi, mpaka baba yake alipotaka irudishwe, na mwana akafuata. La pili, Chuma na Susi, Waafrika waliosafiri naye, wamepewa nafasi yao ndani ya nyumba hii. Livingstone alipokufa kijijini kwa Chitambo mwaka 1873, wao na wenzao waliubeba mwili wake zaidi ya kilomita 1,500 mpaka Bagamoyo. Binti yangu alisoma majina yao kwa sauti, na mzee mmoja wa Kiskoti aliyekuwa nyuma yetu akamwomba ayarudie, akayarudia pamoja naye mpaka akayapatia.

Siku ya tano: The Binns

Treni hadi Linlithgow, halafu teksi mashariki kidogo. The Binns ni nyumba nyeupe juu ya kilima, chini yake unaona ghuba ya Forth. Hapa ndipo kwenye tawi lililobaki na y yake: Dalyell. Tahajia hii haikupita mikononi mwa z, na ndiyo inayosema ukweli kuliko zote. Thomas Dalyell, mfanyabiashara aliyemfuata Mfalme James wa Sita kwenda London na kurudi na mali, aliinunua 1612. Dari za plasta za mwaka 1630, zenye matunda na taji, zilipambwa kwa kutarajia ugeni wa mfalme.

Mwanawe, naye Thomas, alizaliwa hapa 1615, na huyo ndiye aliyelifanya jina liogopwe. Jenerali Tam. Mfalme Charles wa Kwanza alipokatwa kichwa 1649, aliapa hatanyoa ndevu zake, na kwenye picha yake ukutani zimeshuka mpaka kifuani. Alitekwa vitani Worcester 1651, akafungwa Mnara wa London, akatoroka mwaka uliofuata. Akaenda Urusi akamtumikia Tsar Alexei mpaka akawa jenerali. Mfalme mpya alipomwita arudi, alirudi. Tarehe 28 Novemba 1666, huko Rullion Green kwenye vilima vya Pentland, aliwavunja watu wa Agano waliokuwa wameandamana na mapanga na majembe. Wapatao 50 walikufa pale, wengine wakanyongwa baadaye. Watu wakamwita Tam wa Damu. Mwaka 1681 aliunda kikosi cha farasi ambacho dunia ilikuja kukijua kwa jina la Scots Greys.

Wenyeji wanasimulia kwamba alikuwa akicheza karata na shetani, na usiku mmoja shetani aliposhindwa alimrushia meza ya marumaru ikampita, ikatokea dirishani, ikazama bwawani. Viatu vyake vya kupandia farasi vipo, virefu, ngozi imekakamaa. Eti ukitia maji ndani yanachemka. Binti yangu alivitazama, halafu akanigeukia.

"Huyu aliwaua watu waliokuwa wanasali chini ya mti wa Bibi?"

"Wa imani yao. Ndiyo."

"Na ana jina letu."

"Ana jina letu."

Hakusema neno tena mpaka tulipotoka nje kwenye tausi. Sikutaka kumpunguzia. Mtu akirithi jina anarithi mti na anarithi viatu, na bora ajue yote akiwa na mama yake kando.

Nembo ya ukoo ni mtu mtupu, amenyoosha mikono, kwenye uwanja mweusi, na maneno chini yake: Nathubutu. Hadithi yake ni kwamba jamaa kipenzi cha Mfalme Kenneth wa Pili aliuawa na maadui wakamtundika. Mfalme akaahidi zawadi kwa atakayethubutu kuushusha mwili. Kimya. Kisha mmoja akajitokeza, akasema kwa lugha ya kale "dal zell", nathubutu. Wanaojua Kigaeli watakwambia maneno hayo hayana maana hiyo, na bonde jeupe nimeliona kwa macho yangu. Lakini nilisimama mbele ya ile nembo nikifikiria mtu anayeshusha mwili wa nduguye mbele ya maadui ili akazikwe. Sisi tunaojua maiti kukaa bila kuzikwa ni nini, hadithi ile hatuwezi kuisikia kama mchezo.

Kilichonigusa zaidi kilikuwa chumba cha mwisho. Mwaka 1944 Eleanor Dalyell aliitoa nyumba hii kwa mfuko wa taifa wa kuhifadhi urithi wa Uskoti, nayo ikawa nyumba ya kwanza kukabidhiwa chini ya mpango wao wa majumba ya kale. Eleanor ndiye aliyekuwa mrithi. Mumewe, Gordon Loch, mwaka 1938 aliacha jina lake akachukua la mkewe, na mtoto wao akawa Tam Dalyell, yule mbunge aliyekaa bungeni tangu 1962 hadi 2005, aliyeuliza swali maarufu la West Lothian: mbunge wa Uskoti apigie kura mambo ya Uingereza kwa haki gani, ilhali wa Uingereza hatapigia ya Uskoti? Cheo cha ubaroneti walichopewa 1685 kiliandikwa tangu mwanzo kwamba kinaweza kupita kwa wanawake. Hati za urithi wa namna hiyo kwa sheria ya Kiskoti huitwa tailzie, na z yake, mwelekezaji akatabasamu, haisomwi.

Binti yangu ni mtoto wa pekee. Kwetu shangazi mmoja aliwahi kusema mbele yake kwamba jina la baba yake limekwisha. Aliposikia habari ya Eleanor hakunitazama, ila alinishika mkono, na hakuuachia hadi kwenye teksi.

Siku ya sita: Glasgow

Kesho tunaondoka. Leo tumekaa jikoni, bati la biskuti katikati ya meza. Nilimweleza Bibi kuhusu fundi, na karatasi yake, na herufi kubwa.

Alikitoa cheti cha kuzaliwa cha mwanawe, akakinyoosha kwa kiganja. Dalziel. "Hiki nilikuwepo kilipoandikwa," akasema. "Baba yake aliitaja herufi kwa herufi, karani akaandika. Weka hivi." Halafu akanyamaza kidogo. "Lakini huko kwenu atakayepita kaburini atasomaje?"

Swali hilo ndilo nililokuja nalo kutoka Pangani, na sikuwa na jibu. Mtoto ndiye aliyevuta kalamu. Akachukua kipande cha karatasi ya skonzi, akaandika kutoka kulia kwenda kushoto, kama anavyoandika madrasa: dali, akaitia kasira, ye, akaitia kasira, lamu. Herufi tatu tu. Ye imekaa katikati, pale pale ilipokuwa yokhi kabla hawajaiweka z. Kasira kwa mwandiko wetu wa zamani ni i na ni e, kwa hiyo asiyejua anaweza kukosea kidogo. Wa Pangani hatakosea, maana jina la Bwana Dieli analo tayari.

Bibi akavaa miwani. "Hii inasemaje?"

"Diyel, Bibi."

Akaigeuza karatasi huku na huku, akauliza iko wapi y. Mtoto akamwonyesha, nukta mbili chini. Akapitisha kidole juu yake mara mbili tatu. Kisha akaomba aandikiwe nyingine, kubwa, ya kubaki naye, na hiyo akaikunja mara nne akaiweka kwenye bati pamoja na vyeti, akaweka kile kipande cha shaba juu yake isipeperuke.

Ile ya kwanza ninayo mimi. Kwa fundi nitapeleka mistari miwili: juu Dalziel, kama lilivyo kwenye cheti alichokishuhudia mama yake, chini dali, ye, lamu, kwa mwandiko wa binti yake.